Mkoba wa Korongo Nilipelekea Mama ya Kipkoech

Jumapili, mvua ndefu, 1934

Leo ukungu imekataa kuondoka. Imelala juu ya majani chai kama ng'ombe mvivu, na mimi nimekaa kwa mlango naiangalia tu. Shule sikuingia. Hizi herufi nilifundishwa kanisani, kwa hivyo zikitembea upande upande, zivumilie.

Kutoka Roret mpaka Chepilat hakuna mwanaume anaweza kufuma kunishinda. Hata mwanamke hakuna, lakini Kerubo, mke wangu, ameketi hapa, hiyo naandika pole pole. Nilijifunza kwa veranda ya memsabu mmoja, mzungu wa Sotik, nikiwa mfagiaji wake. Yeye anafuma vitambaa vya meza, mimi nafagia pahali pamoja asubuhi yote, macho kwa sindano yake. Watu nawaambia yeye ndiye alijifunza kwangu.

Wameamini.

Sasa, msichana wetu Moraa aliolewa na Kipkoech, kijana Mkipsigis. Sisi ni Wakisii. Babu zetu na babu zao waliibiana ng'ombe, sisi tukiiba vizuri zaidi. Kipkoech ni mtu mzuri. Lakini mama yake, Taplelei, hajawahi kumwita Moraa kwa jina. Anamwita mgeni. Mgeni, leta maji. Mgeni, mbuzi wameingia kwa shamba ya wimbi. Juzi Moraa alikuja akalala kwa kitanda yake ya zamani, akamwambia Kerubo amechoka na hilo neno, kidogo tu atarudi nyumbani kabisa. Asubuhi akaenda tena kwa mume.

Nikasema mimi nitamaliza hiyo maneno na uzi.

Nilikuwa nimeona korongo wawili kwa bwawa chini ya shamba, wale wa taji ya manjano. Wanacheza. Mmoja anainama, mwingine anaruka na mabawa wazi, na ukungu imewafunika miguu mpaka unadhani wanacheza kwa hewa. Nyapara wa chai aliniita kazini, sikusikia. Nilikuwa huko na wao.

Basi nikafumua sweta kuukuu ya kijivu. Uzi wa manjano nilipata kwa duka ya Mhindi, nikamlipa na kuku. Sindano yangu ni spoki ya baiskeli, ncha nimekunja kama ndoana. Mvua inaanguka kwa nyasi ya nyumba, vidole vinaenda vyenyewe, na mimi niko bwawani tena. Tumbo ya korongo ndiyo mkoba. Shingo ndefu inapita kwa bega, mdomo unauma mkia, mkoba umefungwa. Kerubo alisema huyo ndege ni mzuri kuliko mwenye kumfuma. Wivu ni ugonjwa.

Leo baada ya kanisa tukaenda kwa kina Kipkoech, mimi na Kerubo. Mkoba haupelekwi mtupu, kwa hivyo nilijaza viazi.

Mama Taplelei aliangalia. Hakuupokea. Kipkoech, mtu wa kucheka, akaangalia chini. Halafu akaniambia kwa sauti ndogo kwamba nyumba yao, mnyama wa ukoo ni korongo. Hapigwi, hafukuzwi.

"Na wewe baba umempasua tumbo ukatia viazi."

Mimi, mtu nilimdanganya chui mpaka akanipisha njia, nilibaki kuhesabu viazi. Na ubaya ni kwamba mimi ndiye ningepaswa kufikiria. Ukoo wetu ni wa punda milia. Mtu akiniletea punda milia wa uzi, amemjaza mahindi, ningetafuta fimbo. Nilimtazama Moraa. Amesimama karibu na mlango, anaangalia kona pale nguo zake ziko, kama mtu anataka kufunga mzigo.

Mama akauliza nani alinituma. Kipkoech anatafsiri. Hadithi tatu zilikuja kwa ulimi, zote tamu. Nikazimeza.

"Hakuna mtu, mama. Niliwaona wakicheza kwa bwawa. Nikataka na wewe uwaone."

Akauliza kama niliwatupia mawe. Nikasema hapana, hata kazi nilisahau.

Aliweka kibuyu cha maziwa chini. Halafu akachukua mkoba, akatoa viazi pole pole, kama mayai, akapapasa ile taji. Akaongea bila kugeuka. Mimi Kikipsigis changu ni cha soko, lakini hiyo nilielewa.

"Mtoto wangu, leta sindano. Tumshone tumbo huyu."

Moraa hakusonga. Alidhani anaitwa mwingine. Mama akageuka, akamwangalia yeye, akarudia.

Wakaketi kwa ngozi moja, mmoja anashona huku, mwingine huku, vichwa vinakaribia kugongana. Baadaye mama akasema jambo, wote wakacheka, na Kipkoech akalazimika kuniambia: korongo hana miguu mifupi namna hii, baba ya Moraa amefuma bata.

Bata! Mimi!

Njiani Kerubo aliuliza ni mkoba gani hauna mdomo wa kutilia kitu. Nilikuwa nimeshaambia watu wawili barabarani kwamba nilijua habari ya korongo tangu mwanzo. Hapa peke yake nasema sikujua kitu.

Desturi yetu mtoto anasindikiza wazazi mpaka mtoni. Leo Moraa hakutusindikiza hata mpaka kwa ua. Niligeuka mara nyingi, ukungu tu.

Alikuwa bado anashona.