Nywele za Mkwe Kwenye Mkoba Wangu

Mpendwa Bi Maua, shikamoo, naomba msaada wako haraka maana siku zimenibana, mimi ni mama mtu mzima wa hapa Kwihara, Mkatoliki, sina historia ya wazimu, ila tangu mwanangu aninunulie king'amuzi nimeshikwa na ile tamthilia ya majasusi ya jioni, iliyotiwa sauti ya Kiswahili, yule dada anayebadili wigi kila mlango anaoingia, na umeme ukikatika kabla adui hajakamatwa basi mimi nyumbani siongei na mtu.

Sasa kaka yangu Anselm ana binti, Consolatha, ameposwa na kijana wa kijiji cha Ziba aitwaye Zablon, na kama desturi ilivyo, mtu hatoi mtoto kwa ukoo asioujua, kaka akanituma mimi shangazi mtu nikaulize taratibu kwa majirani na kanisani ni watu wa namna gani, kazi ya asubuhi moja. Bi Maua, kwenye ile tamthilia nani anauliza majirani? Nikavaa wigi na miwani ya jua, nikaingia moja kwa moja nyumbani kwa kina Zablon, nikasema mimi ni Mama Wenceslaus, nanunua kuku wa kienyeji, wakanipokea vizuri mno, mama wa kijana, Imakulata, akanichinjia mmoja wa kuku hao hao, nikakataa kula maana jasusi hali kwa adui, nikasingizia nimefunga, na kwa kuwa basi la kurudi lilishapita akanitandikia pa kulala.

Asubuhi nikachukua vielelezo, yaani nywele kwenye kitana cha Zablon, ambaye mwenyewe yuko kazini Igunga mjini, na kikombe alichonywea baba yake, nikavifunga kwenye nailoni, kwa sababu yule dada akipata unywele mmoja tu, tangazo la sabuni likiisha ameshajua mpaka babu wa mtu alikufa na nini, ingawa hapa Tabora ningevipeleka wapi nilikuwa sijafikiria. Binti wa nyumba akasogeza mkoba wangu afagie, ukamwagika, zikatoka nywele za kaka yake, kikombe cha baba yake na wigi. Unajua kwetu huku mgeni asiyekula, anayekusanya nywele za watu, anaitwa nani. Ikapigwa yowe, wanaume wakajaa uani na fimbo, wananiita mchawi, mimi nimepiga magoti, ndipo yule mama akasimama mlangoni akawaambia, “Huyu amelala kwangu. Anayemtaka aanze na mimi.” Wakanywea. Akanisindikiza hadi barabarani, tukasubiri basi, akanifungia karanga za njiani kwa kuwa sikula, hakuniuliza neno.

Nyumbani nimemwambia kaka ukoo ni safi, basi. Jumamosi wanaleta mahari, mama mwenyewe yumo, na ni mimi shangazi wa kuwapokea na kumtoa binti mbele yao. Wakinitambua, Consolatha wangu ni mtoto wa ukoo wa wachawi na posa imekufa. Nimefikiria mawili: nijilaze hospitali, au nivae wigi jingine, la kahawia. Lipi salama zaidi?

Shangazi, Kwihara (jina nimelificha kwa sababu za kiusalama)

*

Marahaba, Shangazi. Jina umelificha, ukataja kaka, binti, mchumba, kijiji na dhehebu. Kwihara nzima ilikutambua kabla hujafika kwenye wigi. Hongera kwa usiri.

Pole kwanza, na hapa sikutanii. Fimbo zile hazikuwa za tamthilia. Wapo wanawake wa umri wako walioitwa jina hilo wakafa, na hawakuwa wameiba hata unywele. Mshukuru Mungu, halafu kaa nikugombeze.

Umri huo wote hujui kwamba anayechunguza ukoo lazima ale? Ungekaa mkekani ungeona nani anamnawisha nani, nani anapakuliwa mwisho, mzee anamsemeshaje mkewe. Kuku kachinjwa kwa ajili yako, wewe unawinda kitana. Majirani uliowaona ni ushamba kuwauliza ndio hao hao waliokuja na fimbo, kwa hiyo mmefahamiana hata hivyo.

Hospitali waachie wagonjwa. Wigi la kahawia ndilo litakalokukamatisha, maana Ziba sasa hivi kila mtu anamjua mwanamke wa wigi. Na hata ukiwapita Jumamosi, mtakutana harusini, ubatizoni, misibani. Utajificha mpaka mjukuu wa ngapi? Siku wakigundua, anayelala nyumba ile ni Consolatha, na maswali ataulizwa yeye.

Fanya hivi. Leo zima televisheni, nenda kwa Anselm umweleze yote, hata habari za huyo Mama Wenceslaus. Atafoka. Mwache afoke, ni haki yake. Kesho pandeni basi wewe na yeye, kichwani uwe na nywele zako ulizozaliwa nazo. Fika kwa Imakulata, kaa chini, sema jina lako la ubatizo, uombe radhi mbele ya mumewe na mbele ya hao jirani, ili lile neno lifutwe pale pale lilipotamkwa. Watakucheka. Omba sana wakucheke. Na wakikuwekea chakula, kula umalize.

Tena kazi uliyotumwa bado hujaifanya. Kaka yako alitaka kujua mwanawe anakwenda kwa watu gani, ukamjibu “safi”, ukanyamaza kwa kujificha. Mpe jibu kamili: pale Ziba yuko mama aliyesimama mbele ya fimbo kumkinga mwanamke asiyemjua, ambaye huenda hata yeye mwenyewe alimdhania mchawi. Consolatha naye umwambie, ajue anakwenda kwa mama wa namna gani. Unaogopa posa itakufa, kumbe upande wenu ni wewe peke yako unayejua kwa nini haistahili kufa.

Bi Maua, Ng'ambo