Mwavuli kwenye Barabara ya Njia Sita

Alhamisi. Missouri City, huku ughaibuni, joto la kukausha mate mdomoni, na mimi nina hasira ambazo sijui nizitue wapi. Nimejifungia chumbani ili nisimfokee mtu.

Nianze na Mama. Mama amekuja kutoka Tanga kukaa nami miezi sita. Huu ni wa pili tu, na Jumatatu ameniuliza kama tarehe ya tiketi yake inaweza kurudishwa nyuma. Hakulalamika. Aliuliza huku anachambua mchele, kama anayeuliza bei ya nyanya, halafu akaendelea kuchambua. Mimi nikajifanya sikusikia.

Najua kinachomfukuza. Tanga hakai ndani hata siku moja. Asubuhi atakwenda kumjulia hali mgonjwa, jioni ana maulidi, katikati atapita kwa shoga yake kuazima kinu ambacho hana haja nacho. Hapa anaamka, anakaa dirishani, anangoja nirudi kazini nimpeleke mahali. Kila mahali ni kupelekwa. Mkate, kupelekwa. Msikiti, kupelekwa. Mtu mzima aliyezika mume na kulea watoto watano, leo hawezi kununua chumvi bila kibali changu.

Jumanne usiku Bi Zuhura, mama wa Kimalindi tuliyefahamiana msikitini, alifiwa na kaka yake huko kwao. Nyumba ya Bi Zuhura iko ng'ambo ya barabara kubwa. Kutoka dirisha letu la juu paa lake unaliona. Mama akasema twende tukahani. Nikamwambia nina zamu hadi Ijumaa, tutakwenda Jumamosi.

"Jumamosi matanga yatakuwa yameshaanuliwa, mwanangu. Tutakwenda kuhani nini, viti?"

Nikamwambia huku watu wanaelewa.

Huku watu wanaelewa! Nikilikumbuka neno hilo natamani kujizaba kofi.

Leo nimetoka kazini hospitalini alasiri. Karibu na taa za kuingilia mtaani kwetu nikaona mtu anatembea kando ya barabara, juani. Buibui, mwavuli mweusi, kikapu mkononi. Pale hapana njia ya waenda kwa miguu. Kuna kipande cha zege kinaanza vizuri, kinaishia kwenye nyasi na mtaro, kama waliokijenga waliitwa kula wasirudi tena. Yule mtu alikuwa anakanyaga nyasi, magari yanampita mbio, mengine yanampigia honi.

Nitasema nilichowaza, maana hapa ndipo mahali pa kusemea. Niliwaza: huyu ana matatizo gani? Gari limemharibikia, au akili hazimo? Mwavuli ukainuka juu kidogo. Nikadhani anaomba lifti. Mkono wangu ukaenda wenyewe, nikabonyeza kitufe cha kufunga milango, nikaangalia mbele mpaka taa zikawaka kijani.

Nyumbani hapakuwa na Mama.

Hotpoti kubwa halipo. Mwavuli wangu mweusi haupo. Nikasimama jikoni, nikaelewa, nikaanza kutafuta funguo.

Kabla sijapata funguo simu ikalia. Ni Salma, binti wa Bi Zuhura. "Anti, mama yako yuko hapa kwetu! Ame-walk! Yaani ame-walk kutoka kwenu, na sasa kuna polisi mlangoni!"

Mtu fulani, ndani ya gari lake lenye ubaridi, alipiga simu kwamba kuna bibi kizee amepotea barabarani. Simu alikuwa nayo. Breki hakuwa nazo. Askari akamfuata Mama hadi kwenye msiba, akamuuliza kupitia kwa Salma kama amepotea, kama anajua anakoishi, kama kuna mtu anayemwangalia. Mama alimjibu kwamba kama anaingia avue viatu, na kama haingii asiwazibie wenzake mlango.

Nilipofika kumchukua, wanawake wote matangani walikuwa wanacheka. Mimi sikucheka.

Nina hasira na aliyepiga simu. Nina hasira na aliyechora mji huu, akaweka njia sita za magari na asikumbuke kwamba binadamu ana miguu. Nina hasira na jirani yangu anayewasha gari kwenda kwenye masanduku ya barua mwisho wa mtaa, mahali ambapo ukipiga chafya nyumbani kwake unasikika.

Na mimi pia huenda na gari. Nimeacha lini kutembea? Sikumbuki. Nimekuwa mtu wa kumwogopa anayetembea.

Wakati wa kurudi Mama alikaa na kikapu mapajani. Tulipofika kwenye zile taa akaonyesha nyasi kwa kidole.

"Pale nilikuona. Nikakuinulia mwavuli. Nikasema labda ana haraka."

Nimeendesha mpaka nyumbani nalia. Mama alinifuta machozi kwa ncha ya mtandio, akaniambia nitazame barabara. Ya tiketi hakuyataja, na hilo ndilo linaloniogopesha zaidi.

Kesho alasiri Bi Zuhura ana hitima. Nimeshampigia msimamizi wangu, nimemwambia sitakuja kazini, nina msiba. Akaniuliza aliyefariki ni nani wangu. Nikamjibu ni kaka wa jirani yangu. Nikaaga bila kumwongezea maelezo.

Gari litalala. Nimeweka raba zangu mlangoni, kando ya kandambili za Mama, na nimetafuta mwavuli wa pili mpaka nimeupata. Akipita mtu akapiga simu polisi, safari hii atatutaja wawili.