Udongo wa Shamba la Muhogo

Manibe, Jumatatu ya Pasaka, 1987

Sikulia. Watu walikuwa wananingoja nilie, hata nikaona aibu.

Shemeji yangu amerudi asubuhi kutoka Zaire na udongo wa kaburi la mume wangu, ndani ya gunia la sukari. Tulimzika kule tukiwa wakimbizi, harakaharaka, bila hata msalaba, tukaweka jiwe tu la alama. Sasa tumerudi, na kwetu mtu hulala karibu na nyumba yake. Basi tukachimba shimo nyuma ya jiko ili tuuzike ule udongo kama mtu.

Kabla ya maombi nilimvuta shemeji kando. "Una hakika ni pale?"

"Mama Ezra, mahali ile sasa iko shamba ya muhogo. Jiwe yetu hakuna tena. Mimi nilichimba tu pale roho iliniambia."

Mimi ndiye mwalimu wa darasa la ubatizo. Jana tu niliwaambia kwamba wafu watafufuka na nchi yote itafanywa upya. Nilisema vizuri, wakaitikia Amina. Ndani yangu kulikuwa kimya kama kanisani siku ya Jumanne.

Mungu anajua mume wangu alipo. Mimi je? Mimi sasa ninamwombea nani pale nyuma ya...

Tulipomwaga udongo, kilianguka kipande cha mti wa muhogo, kimeanza kuchipua. Shemeji akataka kukitupa.

"Acha," nikamwambia.

Nikakichomeka mwenyewe juu ya kaburi. Jioni nimekimwagilia maji, ingawa mvua imenyesha siku tatu.