Kiwanja Kisichochakaa

Mjukuu wangu Divine,

Salamu kutoka Mutakura tunakopanga. Bibi yako anaendelea na dawa, mi magoti tu. Unauliza kwa nini mwalimu wako anapigia hesabu ya uchakavu kila mali ya biashara, ila ardhi anairuka.

Nikiwa kijana, naanza kukausha ndagala, dagaa wetu, pale Kajaga kando ya ziwa, mhasibu wangu alifanya vilevile. Nyavu na moteri ya mtumbwi alizipunguzia thamani kila mwaka mpaka zikafika sifuri. Kiwanja hakukigusa. "Apana, bosi, udongo haichakai," aliniambia. Basi faida yote nikaizika mle: chanja, ghala, nyumba ya kuzeekea.

Miaka hii ziwa likapanda, na halijarudi. Siku tuliyohama sitaisimulia.

Zile nyavu za sifuri ndizo tulizookoa; leo zinazuia kuku wa bibi yako wasitoroke. Kwenye mtihani mjibu mwalimu anavyotaka, usibishane naye. Lakini Jumapili baada ya misa bibi yako hunivuta hadi Kajaga, akanyoosha kidole majini.

"Pale ni jikoni yangu," anasema. "Kiwanja iko palepale, haijapunguka hata kidogo."

Babu yako