Mlango wa Upande wa Ziwa

Kamunyonge, Musoma
Jumapili, baada ya misa

Dada Marcelina,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta umepata angalau usingizi wa saa mbili, wewe na shemeji Magesa, na kwamba mafua ya watoto yamepungua. Sisi huku ni wazima wa kutembea. Rebeka mke wangu anakusalimu, na goti lake pia linakusalimu, maana siku hizi linaongea kuliko mwenyewe. Hali ya Mama sikuulizi, kwa kuwa juzi ulinieleza yote kwenye simu: upande wa kulia bado umelala, maneno hayajarudi, na jicho la kushoto linaona ukungu tu. Ningekujibu palepale, ila yako mambo ambayo nikiyasema kwa mdomo nitayageuza mzaha, unanijua. Ndiyo maana nimeandika, nikampa jirani yetu Stellah anayekuja Bunda kesho.

Ulitaka mambo mawili. La kwanza, tumlete Mama hapa makumbusho kwa kiti cha magurudumu, aushike mtumbwi wa marehemu Baba, ule "Acha Waseme", hata kwa mkono mmoja. La pili, hilo likishindikana, niwaombe wakubwa wautoe mtumbwi siku moja tu, tuupakie kwenye lori uletwe kwako Manyamanyama. Ulisema tangu augue anachora umbo la mtumbwi kwenye shuka kwa kidole, na ukimtajia jina la mtumbwi huo analia. Sikulilalia ombi lako, dada. Nimepima kwa futi kamba, mara mbili.

Nyumba yetu hii ya makumbusho imejengwa ukingoni kabisa, wimbi likipiga ukuta unalowa. Lakini anayetoka barabarani sharti apite geti la hoteli, na pale askari atamuuliza anamtafuta nani. Akisema amekuja kuona mitumbwi, anaambiwa hapa siyo mwaloni pa kushushia samaki. Akifanikiwa kupita, anashuka ngazi thelathini na nane za mawe, maana hoteli imekaa juu na sisi tuko chini kama stoo yake. Halafu korido, halafu kona mbili nyembamba. Kiti cha magurudumu kitafika ngazi ya kwanza, kitasalimia, kitarudi. Mwezi uliopita walikuja wanafunzi kutoka Butiama. Nikawazungusha kote, nikaeleza tanga na makasia hadi koo likakauka, mwishowe msichana mmoja akauliza kwa adabu sana kwamba sasa ziwa lenyewe liko wapi. Lilikuwa nyuma ya ukuta alioegemea.

Zamani hakukuwa hivyo, utakumbuka. Kulikuwa na mlango mpana upande wa maji na kipande cha mchanga mbele yake. Watu wa kwetu rasini wakija sokoni walikuwaga wanasogeza chombo pale, wanaingia na ndoo za dagaa, wanapapasa mbao, wanabishana nani alipigilia msumari upi. Mtu wa kwetu haingii mahali kwa kutokea barabarani kama maji yanafika. Kwake huo ni wizi, au ni ugomvi na mwenye nyumba. Mzee mmoja alimuuliza Machibya, mkurugenzi wetu, kwa nini mitumbwi imeelekezwa barabarani kama ng'ombe wa mnada. Machibya hakucheka. Ziwa lilipopanda na kumeza ule mchanga, ukajengwa ukuta wa mawe, ukaachwa mlango mdogo wa chuma wa dharura. Dharura yenyewe sijawahi kuambiwa ni ipi.

Kwa hiyo la kwanza haliwezekani, na la pili ndiyo kabisa. Mtumbwi wa Baba una upana wa futi nne na nusu. Mlango una futi mbili na nusu. Uliingia kabla ya ukuta, na hautoki mpaka ukuta ubomolewe. Nilipomgusia Machibya akacheka, akasema, "Wewe Baltazar, baba yako ndiye anayetuletea wageni, halafu unataka kumfukuza?" Nikacheka pia. Ndivyo nilivyo.

Sasa kaa chini, dada. Mchoro wa ule ukuta ni wangu. Machibya alikuwa analalamikia harufu ya dagaa na watu wasiojua foleni, nami niliyejifunza ramani kwenye vitabu vya kuokota nikaona hapa ndipo akili yangu itaonekana. Nilichora nyuma ya kalenda ya parokia: ziba huku, wote wapite hotelini. Nikapewa shati lenye kola na cheo cha Msimamizi wa Maonesho. Mtumbwi wa Baba nikauweka chumba cha mwisho, ubavu kwa ukuta wa ziwa, mahali pa heshima.

Na hilo ndilo dogo. Nilikuambia kwamba Jumamosi ile Mama alipokuja mimi nilikuwa Butiama kwa walimu. Sikuwa Butiama. Nilikuwa chumba cha mwisho na Machibya na wageni wanne wenye suti. Mama alikuja kwa maji kama alivyozoea, na wanawake wawili wa jumuiya yake. Habari ya ukuta nilipaswa kumpa mimi, nikawa naahirisha kila wiki. Nikamsikia akigonga ule mlango wa chuma, akiniita kwa jina la nyumbani. Kutoka mlangoni hadi kwenye mtumbwi ni hatua tatu. Ufunguo ulikuwa mfukoni, nimeushika. Machibya akauliza ni nani. Nikasema ni wavuvi tu, wanapenda kusumbua. Wageni wakacheka. Nikasogea, nikaegemeza mgongo mlangoni ili kelele zipungue.

Mvua iliyowakuta wakirudi unaijua, na jinsi alivyoanguka siku ya tatu unajua. Usichokijua ni hiki. Chini ya mlango ule kuna upenyo wa vidole vinne, wa kutolea maji. Chombo chao kilikuwa kinapanda na kushuka, na kiliposhuka macho ya Mama yakawa sawasawa na upenyo. Nilikuwa nimevaa vile viatu vya kahawia alivyoninunulia alipouza mbuzi wake. Alinyamaza ghafla, katikati ya jina langu. Kisha akawaambia wenzake, kwa sauti ya kunifikia na mimi, "Twendeni jamani. Baltazar leo hayupo kazini."

Hajawahi kukuambia, na sasa hawezi. Basi nimekuambia mimi.

Msalimie shemeji, wabusu watoto, na Rebeka ametuma dagaa kidogo kwa mkono wa Stellah. Salamu zangu kwa Mama zibaki kwako, usimfikishie. Mgeuze tu ubavu kwa wakati, asitoke vidonda.

Ni mimi mdogo wako,
Baltazar