Mwalimu Aliyesema "Sijamfundisha Bado"

Kumbukumbu ya Mwalimu Mwamvua Omari

Mama, leo tarehe 18 Julai mwaka umetimia tangu asubuhi ile ya Alhamisi ulipotutoka, adhana ya alfajiri ikiwa ndiyo kwanza imekwisha. Kesho yake tulikupeleka kwenu Kolo, tukakulaza jirani na bibi kama ulivyotaka. Anayeandika ni mimi Nasra, kifungua mimba wako. Baba na mdogo wangu Mudrick wamekaa pembeni wananisahihisha, na wote wawili wanasema nimeanza vibaya.

Kwa wasiokufahamu: kwa miaka kumi na sita uliwafundisha wanachuo wa mwaka wa kwanza, hapa Dodoma, kuandika Kiingereza cha chuo kikuu. Namna ya kujenga hoja, ya kusoma kitabu kizima ukatoka na ukurasa mmoja wa maelezo, ya kunukuu mtu na kumtaja. Kozi ambayo kila mtu huiita nyepesi mpaka matokeo yabandikwe. Ukumbini wanakaa zaidi ya mia tatu, spika inakoroma, wa nyuma wanachati. Lakini kabla mwaka haujaisha ulikuwa unawaita kwa majina hadi mstari wa mwisho, na ukimkuta mmoja wao sokoni unamuuliza insha yake imefikia wapi, nyanya ziko mkononi.

Ulisahihisha kwa penseli. Ulisema mtu akiona wekundu ukurasa mzima hasomi tena, anaikunja karatasi na kuitia mfukoni. Chai yako ya tangawizi ilipoa kila jioni pembeni ya makaratasi, nasi tukaipasha moto, ikapoa tena. Kadi za harusi za watu ulizisahihisha bila kuombwa. Baba anasema hata barua ya kwanza aliyokuandikia, enzi za ujana wenu, uliirudisha ikiwa na alama pembeni. Anadai alama zilikuwa nyingi kuliko maneno.

Lakini leo tunataka kusimulia jambo moja ambalo ulikuwa hupendi lisimuliwe. Utatusamehe.

Ni miaka saba sasa. Wiki ya sita ya muhula ulikusanya insha za kwanza, na ndani yake ukakuta ya kijana mmoja wa Mlali, Kongwa, anaitwa Tumsifu. Aliandika juu ya shida ya maji vijijini. Kurasa mbili na nusu zilikuwa zimenakiliwa neno kwa neno kutoka kwenye ripoti, bila kutaja ilikotoka. Ukampeleka kwenye kamati ya nidhamu. Wanafunzi wote walijua kinachofuata: Tumsifu anadisko, anafukuzwa chuo, anarudi nyumbani.

"Sheria ni sheria," ulimwambia Baba mezani. Hatukukuona ukisitasita.

Siku mbili kabla ya kamati kukaa, Tumsifu alikuja hapa nyumbani Makulu. Mimi ndiye niliyemfungulia geti. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi vizuri na ameshika kamusi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umekuja kunibembeleza?"

"Hapana, mwalimu. Nimeleta kamusi yako uliyoniazima. Nisije nikaondoka watu wakasema na hii nimeiba."

Ulimtazama kidogo, ukamwonyesha kiti. Hakukaa. Alisema akiwa amesimama vilevile, kwa sauti ya chini: "Sekondari nilikuwa napata A ya historia kwa kuandika kama kitabu kilivyoandika. Siku moja nikaandika kwa maneno yangu, nikapata sifuri. Mwalimu aliniuliza, haya umeyatoa wapi? Nikadhani chuoni nako ndivyo."

"Kwani mimi sikuwaambia habari ya kunukuu?"

"Bado, mwalimu. Kwenye ratiba ya kozi iko wiki ya tisa."

Uliingia ndani, ukatoka na ile ratiba. Ulipitisha kidole mstari kwa mstari mpaka ukafika. Wiki ya tisa. Insha umekusanya wiki ya sita. Na ratiba ulikuwa umeiandika mwenyewe. Tumsifu aliaga, wewe ukaitikia kwa kichwa tu. Usiku ule hukula, na Baba alipokuuliza unaumwa nini, ulisema, "Siumwi. Nimekosea."

Asubuhi ulimwendea mkuu wako wa idara. Alikusikiliza, halafu akakuonya kama rafiki: ukisimama kusema hivyo unajishtaki mwenyewe, na jina lako liko kwenye orodha ya wanaopandishwa cheo mwaka huu. Ulimshukuru. Siku ya kamati ukaenda.

Yaliyosemwa mle ndani tuliyapata kwa Tumsifu, maana wewe hukuwahi kutuambia. Ulisema: "Kijana huyu amenakili, hilo ni kweli. Lakini sijamfundisha bado. Nimempima wiki ya sita kwa somo la wiki ya tisa. Akitafutwa mwenye kosa la kwanza, ni mimi."

Mjumbe mmoja akauliza, "Mwalimu, unajua unachokisema kinaandikwa?"

"Naomba kiandikwe chote," ulijibu.

Tumsifu aliruhusiwa kuandika insha upya. Wewe ulipewa barua ya onyo, na cheo kikakupita kwa miaka mitatu. Ulirudi nyumbani, ukaoga, ukala ugali na mlenda, ukaongeza. Baba akakuuliza kama unajuta.

"Kumpeleka, najuta," ulisema. "Kumrudisha, hapana."

Muhula uliofuata somo la kunukuu lilihamia wiki ya kwanza. Na hapo ndipo ilipoanza ile Jumamosi yako ya kufundisha wanafunzi barazani, mabenchi mawili ya kuazima msikitini na ubao uliokwishachakaa. Hukuwapa notisi. Ulimpa kila mmoja ukurasa mmoja asome, kisha unasema: "Funga kitabu, mwambie jirani yako kilichosemwa." Wakishindwa, wanafungua tena. Wakiweza, ndipo wanaandika. Tumsifu alikuwa wa kwanza kufika, wiki baada ya wiki. Insha yake aliiandika mara nne. Ya nne ulianza kuisoma ukiwa umesimama jikoni, na sufuria ikaungua.

Figo zilipoanza kukusumbua hukusimamisha Jumamosi. Tulikuwekea mto kwenye kiti, siku nyingine ulifundisha ukiwa umeegemea ukuta. Wiki yako ya mwisho hospitalini muuguzi alikukuta unamsahihishia binti mmoja barua ya maombi ya kazi. Ulimwambia subiri kidogo, sentensi hii bado haijakaa. Na ikakaa, Mama. Yule binti aliipata ile kazi, yuko Singida.

Sasa tukupe habari za mwaka huu.

Tumsifu anafundisha historia sekondari, si mbali na kwao. Alikuja kwenye arobaini yako akakaa na Baba mpaka jioni. Anasema mwanafunzi akimwandikia kwa maneno yake mwenyewe, hata yakiwa yamepinda, anampa maksi kwanza, kisha wananyoosha pamoja.

Baraza halikukaa tupu. Mwenzako wa idarani, Mwalimu Bupe, alikuja wiki tatu baada ya mazishi kuomba aendelee na Jumamosi. Ila amebadilisha kitu kimoja. Wewe ulikataza Kiswahili kisisikike mpaka saa sita. Yeye anawaacha wabishane kwanza kwa Kiswahili mpaka hoja ieleweke, ndipo wanaiandika kwa Kiingereza. Mwanzoni tulinung'unika, tukaona anakuvunjia heshima. Lakini tumesikia wanavyobishana, na tumeona wanachoandika baadaye. Inafanya kazi, Mama. Bupe anasema alitaka kukushauri siku nyingi, akaogopa. Sisi tumemwambia hakuwa na haja ya kuogopa. Ungebisha asubuhi nzima, na wiki inayofuata ungefanya alivyoshauri.

La mwisho ni la Baba. Tangu tukuzike, kila Jumamosi alikuwa anafungua geti, anatoa mabenchi, anarudi chumbani na kufunga mlango. Tulijaribu kumtoa, tukashindwa. Mpaka Jumamosi moja ya mwezi wa tano. Binti mmoja, Brightness, alikuwa anasoma kwa sauti insha yake juu ya kilimo cha Dodoma. Akafika mahali aliposema kwamba wakulima wameacha mtama na kukimbilia mahindi kwa sababu ya kukosa elimu. Mlango ukafunguka.

"Mwanangu," Baba alisema, "umewahi kulinda ndege kwenye mtama?"

"Hapana, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Mtama unataka mtu shambani tangu jua linachomoza mpaka linazama, wiki kwa wiki. Zamani kazi hiyo ilifanywa na watoto. Sasa watoto wako shule. Watu hawakukosa elimu. Wamepeleka watoto wakaipate."

Halafu Bupe akamvutia Baba kiti, naye, bwana shamba mstaafu, akazungumza saa nzima, miaka yake yote ya Chamwino, mbegu, mvua, kwelea na yote. Brightness aliandika mpaka wino ukaisha.

Wiki iliyofuata alileta insha iliyochapwa. Alimfungulia Baba ukurasa wa mwisho, kwenye orodha ya marejeo. Katikati ya maprofesa wawili palikuwa na jina la Shaaban Ramadhani, bwana shamba mstaafu, mazungumzo ya ana kwa ana, Makulu.

Baba alisoma. Akasogeza miwani, akasoma tena.

"Mimi? Hapa kati ya maprofesa?"

Akacheka, Mama. Alicheka mpaka akavua miwani na kujipangusa macho, na wanafunzi wote wakacheka naye, nami jikoni nikaacha nilichokuwa nafanya nije kumtazama. Siku hizi Jumamosi hafungi mlango. Anakaa benchi la mbele.

Dua itasomwa nyumbani Makulu Jumapili hii, saa nne asubuhi. Wanafunzi wako wote wa miaka yote wanakaribishwa.

Unakumbukwa na mumeo Shaaban, wanao Nasra na Mudrick, dada yako Mwanaidi na ukoo wote wa Kolo, pamoja na watu wa barazani. Mwenyezi Mungu akulaze mahali pema peponi. Siku zetu zote, Mama, utakuwa nasi mioyoni.