Nguchiro wa Kisimani Hawahami

Kisima cha Motlhware,
S.L.P. 41,
Tsabong.
3 Novemba, 1987.

Mpendwa mdogo wangu Modiri,

Naomba radhi kwa kunyamaza tangu Pasaka. Vidole vyangu vilivimba msimu wote wa baridi, nami sipendi kumwamuru mtu mwingine aniandikie. Wewe nawe barua yako ya mwisho haikuwa na tarehe. Nilikufundisha vizuri zaidi ya hivyo.

Hujambo huko Francistown? Kifua chako kimepona? Mkeo Sethunya na watoto wanaendeleaje? Mimi ni mzima. Nala uji wa mtama na maziwa ya mgando, na bado naweza kutembea hadi kisimani na kurudi bila fimbo.

Mvua bado. Ng'ombe wamekonda lakini wanasimama. Yule jike wako mweusi amezaa ndama dume, mkaidi kama wewe ulivyokuwa.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Zizi la zamani limejaa samadi hadi magotini, na Gaolatlhe, mtoto wa baba yetu mkubwa, ameamua kujenga jipya kwenye ile ardhi ngumu mashariki ya kisima. Huko ndiko waliko nguchiro, wale wanaosimama wima asubuhi wakiota jua matumboni. Ndama wake alivunjika mguu kwenye shimo lao mwezi uliopita. Nilimpa pole, na pole ile ilitoka moyoni. Lakini ndama yule alikuwa ameachwa bila mchungaji, naye hilo halisemi.

Siwaelezi nguchiro hao kama watakatifu. Yule jike mkubwa ni katili. Akikaribia kuzaa huwafukuza binti zake mwenyewe, wakazunguka nje siku kadhaa wakilia kama watoto waliofungiwa mlango, kisha hurudi wakijikunyata mbele yake. Hata hivyo, nimekaa nao miaka tangu nistaafu ualimu, na nimeona mengine. Mmoja hupanda juu ya kichuguu na kulinda huku wenzake wakichimba, wala hatafuni kitu mpaka mwingine ampokee. Mmoja hubaki na vichanga shimoni kutwa nzima na njaa yake. Na vichanga vikikua kidogo, wakubwa huviletea nge aliyekufa, kisha nge aliyeng'olewa mwiba, kisha nge mzima. Nimefundisha darasa la kwanza miaka mingi, nami sikuwa na utaratibu mzuri kuliko huo.

Gaolatlhe alikuja na vijana wake wakaziba mashimo kwa matawi ya miiba na kuwasha samadi ili moshi uingie. Walikuja adhuhuri! Kila mtu aliyekulia hapa anajua kwamba adhuhuri kundi liko mbali likitafuta chakula. Mlezi peke yake ndiye aliyekuwa ndani na vichanga vinne. Alitokea shimo la nyuma ambalo hawakuliona, akavibeba kimoja kimoja kwa mdomo, mbele ya macho yangu. Unajua alivipeleka wapi? Chini ya kile kizuizi cha upepo ambapo wanaume hukaa kuota moto. Sasa Gaolatlhe hunywa chai yake akiwa ameketi juu ya dari yao.

Nilicheka, Modiri. Nilicheka mpaka akanikasirikia.

“Dada, panya hao wamekuwa wajukuu zako?”

“Kama ni panya, mbona wamekushinda na jeshi lako lote?”

“Mwanamke mzee hana kazi huku kwenye ng'ombe. Rudi kijijini ukasuke vikapu.”

“Vikapu nitasuka, rra, bwana mkubwa. Nitasukia hapahapa.”

Mkewe alifunika mdomo kwa kanga ya mabegani. Vijana walitazama ardhi.

Lakini sasa si kicheko tena. Ameagiza sumu. Anataka kuichanganya na uji na kuimwaga kwenye mashimo yote, ya zamani na mapya. Mbwa watakula. Kuku watakula. Mwewe atakayeokota mzoga naye atakufa. Nimemwambia waziwazi kwamba sumu hiyo haitamwagwa kwenye ardhi ambako baba alichimba kisima, nikiwa ningali na pumzi. Zizi linaweza kujengwa magharibi, ambako ni mwendo wa dakika chache tu zaidi kwa ng'ombe wenye miguu minne.

Unajua kisima ni chetu sisi watatu, mimi, wewe na Gaolatlhe, na hakuna linalofanyika hapa bila wawili kukubaliana. Gaolatlhe anawaambia watu kwamba wewe umempigia simu ukakubali. Mimi siamini. Kama ni uongo, anakuigiza sauti kama ndege mramba anavyoiga kilio cha hatari ili nguchiro wakimbie aibe nge wao. Andika kwa mkono wako mwenyewe, useme hapana. Kama ni kweli ulikubali, basi jua kwamba umekubali bila kuniuliza, na nitakupinga wewe kama ninavyompinga yeye.

Tutakaa mbele ya mkuu wa kijiji Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu. Wanawake huketi chini barazani, wajua. Mimi nitakwenda na kiti changu.

Msalimie Sethunya, umbusu Oarabile na mdogo wake, na mfikishie salamu shangazi Gabaitse kama bado anakuja kwenu Jumapili. Mungu awape mvua na afya, na akupe wewe uti wa mgongo.

Uamuzi ukishatolewa nitakuandikia siku hiyohiyo. Ukitoka kinyume changu, anwani itabaki hiyohiyo, na kazi yangu itakuwa kuketi juu ya shimo.

Ni mimi, dada yako nikupendaye hata ukikosea,

Keolebogile